Sauti Iliyotoka Kiti cha Nyuma

Wadogo zangu wa parking, mwaka huu nimerudisha ufunguo wa gari kwa mwenyewe, na sasa naamka asubuhi bila kujua mkono wangu niupeleke wapi. Mliniomba niwaandikie mambo ya kazi, ninyi mnaofanya njia ya Butembo–Beni, kwa sababu mnasema Mzee Muhindo ana kichwa cha kukumbuka. Nimekubali. Nani alinitoa kwenye lori akanipa minibasi, na nilikuwa napata nini mwisho wa mwezi, hayo nayaruka. Hayatawasaidia kupandisha mlima wakati wa mvua. Nitaandika zaidi juu ya kelele ndani ya gari, kwa kuwa ndizo zilizonipa jina, na kwa kuwa kuna jambo moja juu yake ambalo hamlijui.

Nilianza kwenye lori la samaki, kati ya Kyavinyonge na Butembo, chini ya Mzee Kambale. Alikuwa mtu mfupi, mkali, mwenye kofia ya sufu hata kwenye joto la ziwani. Siku ya kwanza nilipanda nikiwa na redio ndogo ya betri mfukoni, nikidhani nitamchangamsha. Aliichukua, akaifunga ndani ya kitambaa, akaitia chini ya kiti.

"Gari inasema," aliniambia. "Kama weye unasema na kile kintu kinasema, nani atasikia gari?"

Hatukuongea tena mpaka tulipomaliza kupanda mlima. Nilidhani amenichukia. Siku zilizofuata nikaelewa kwamba hiyo ndiyo shule yenyewe. Alinifunga macho kwa leso yake, yeye akawa anabadilisha vitesi, yaani gia, na mimi nataja ni ya ngapi kwa kusikia injini tu. Nikikosea, nashuka mimi kuweka jiwe chini ya tairi kila tunaposimama. Alinifundisha kugonga matairi kwa chuma cha jeki kabla ya kuondoka: tairi lililojaa linajibu kwa kifupi, lililolegea linameza pigo. Mara moja alisimamisha lori katikati ya matope kwa sababu ya mlio ambao mimi sikuusikia kabisa. Tuliposhuka, nati mbili za gurudumu la nyuma zilikuwa zimeshatoka. Aliniangalia tu, akaenda kukojoa. Mpaka leo sijapata mwalimu aliyenifundisha mengi kwa maneno machache namna ile.

Nilipopewa minibasi ya abiria, yote hayo niliyaweka pembeni kwa furaha kubwa. Nilikuwa kijana, na parking ilikuwa na mashindano yake. Nilimtafuta fundi mmoja wa Kimemi, pale Butembo, akanitengenezea sanduku la mbao lenye spika mbili, tukalifunga chini ya kiti cha mwisho. Lilipofunguliwa, vioo vya gari vilitetemeka, na abiria walikuja wenyewe. Kina mama wa soko walikuwa wakiuliza kwanza gari lina muziki gani, halafu ndiyo wanauliza kama lina breki.

Kelele zilianza hata kabla hatujaondoka. Kulikuwa na muuza dawa ya minyoo mwenye megafoni, aliyeingiza kichwa dirishani na kueleza minyoo yote mmoja mmoja, huku watu wanakula mandazi. Akitoka yeye anapanda mhubiri. Akimaliza mhubiri, mimi nafungua sanduku. Na juu ya sanduku kila mtu na simu yake.

Mtu wa kwanza kunilalamikia kwa adabu alikuwa mwalimu mmoja kutoka Kasai, aliyepangwa na serikali kufundisha sekondari huko Beni. Sote tulimwita Maître, mwalimu kwa Kifaransa. Alikaa safu ya tatu, daima na karatasi za wanafunzi mapajani, na kila safari alisema maneno yaleyale.

"Monsieur le chauffeur, tafazali, punguza kidogo. Tunaomba tu tusikilizane."

Abiria walimcheka. "Maître, kama unatafuta kimya, enda ku cimetière," mama mmoja alimwambia, yaani aende makaburini, na gari zima likaangua kicheko, mimi nikiwa wa kwanza. Halafu niliongeza sauti kidogo, ili ajue gari ni la nani. Hakukasirika, au hakuonyesha. Safari iliyofuata alipanda, akakaa palepale, akaomba tena. Nilimwona mtu wa kujisumbua bure. Leo naona haya kuandika hivyo, lakini ndivyo nilivyomwona.

Halafu ikaja miaka ya watu kuviziwa barabarani. Sina haja ya kuwaeleza, mnaijua. Ila ninyi wadogo hamkuona namna sisi madereva tulivyoanza kuitumia kelele. Kulikuwa na kipande cha njia, msitu huku na msitu huku, ambako tulijiwekea sheria mbili. Ya kwanza, pale husimami, hata nani aseme nini. Ya pili, ukiingia pale unapandisha muziki mpaka utoke. Tuliita kufunika. Gari likiwa kimya, kila kijiti kinachovunjika ni bunduki, mmoja analia turudi, mwingine analia tukimbie, wa tatu anashika bega la dereva. Muziki ukiwa juu, watu wanakaa. Kwa hiyo hata waliochukia kelele walikuwa wakiniambia, tukikaribia: "Chauffeur, funika."

Maître peke yake aliuliza: "Mais kama kuna kitu, tutasikia namna gani?" Mimi nilipandisha muziki.

Ile siku yenyewe ilikuwa asubuhi baada ya mvua. Maître hakuwemo. Mama mmoja kijana, Kahambu, alipanda Butembo akiwa na mtoto mgongoni, wakamweka kiti cha mwisho juu ya sanduku langu la spika, kwa sababu alikuwa mwembamba na pale palibaki nafasi ndogo. Niliuliza mwenyewe, wakati nafunga mlango.

"Mama, mutoto anagonjwa?"

"Ni homa tu, tata. Balimupa dawa jana, iko muzuri kidogo. Tunarudia nyumba, Mulekera, kule Beni."

Mtoto aliitwa Paluku, alikuwa katika mwaka wake wa tatu. Alikuwa macho, ameshika kitenge cha mama yake. Nilifunga mlango.

Tulipoingia katika kile kipande nilifunika kama kawaida. Katikati yake, pembeni kabisa mwa barabara, kulikuwa na dispensaire, zahanati ndogo yenye ukuta mweupe, ambayo asubuhi bado ilikuwa inafanya kazi. Tulipotoka kona ya mwisho kabla ya kuifikia, wimbo uliisha. Kati ya wimbo na wimbo kuna nafasi ndogo ya kimya, mnaijua. Katika nafasi hiyo sauti ilitoka nyuma:

"Chauffeur, simama ku dispensaire. Mutoto anakosa pumuzi."

Nilisikia.

Naandika neno hilo peke yake kwa sababu kwa miaka mingi sikulisema. Nilisikia maneno yote, na mguu wangu ulitoka kwenye gesi. Niliuona ukuta mweupe. Niliona pia mtu amesimama ukingoni mwa msitu, na sikuweza kutambua kama ameshika jembe au kitu kingine. Woga ulinishika. Nilirudisha mguu, na mkono wangu ukaenda kwenye redio, ukazungusha mpaka mwisho. Wimbo mwingine ulikuwa umeshaanza. Tulipita dispensaire na tukampita yule mtu, na alikuwa mkulima aliyeshika jembe.

Naamini aliita tena. Mara hiyo ya pili sikusikia kweli, na juu ya hiyo mara ya pili nilijenga uongo wangu wote.

Tulipofika kijiji ambako tulizoea kupunguza muziki, tulikuta kilio kimeshaanza kwenye kiti cha mwisho. Niliendesha mpaka hospitali Beni nikipiga honi njia nzima, kelele ya bure kuliko zote nilizowahi kupiga. Daktari alimgusa mtoto, akamfunika uso. Sijui kama pale dispensaire wangemponyesha. Hakuna anayejua. Najua tu kwamba mama yake aliomba tusimame, na mimi sikusimama.

Desturi yetu ni kwamba mtu akifia garini mwako, wewe ndiye unayempeleka kaburini, redio imezimwa na matawi mabichi yamefungwa mbele ya gari. Nikampeleka Paluku. Jeneza lilikuwa dogo kiasi kwamba baba yake alilipakata mapajani, pale mbele, karibu nami.

Siku za kilio zilipoisha, Kahambu alikuja kwenye chama chetu cha madereva kulalamika. Sikutegemea. Watu wa hapa wakipata msiba huwa wanaenda misa, hawaendi ofisini. Alikuja na Maître, aliyekuwa akimfundisha mdogo wake na ndiye aliyemwandikia barua kwa Kifaransa. Barua haikunishitaki mimi. Ilisema muziki katika magari ni mkubwa kiasi kwamba mama hawezi kusikiwa anapoomba msaada, na iliomba jambo hilo likome.

Président wa chama alinisimamisha mbele ya wote.

"Muhindo, ulisikia mama anaita?"

"Hapana, président. Musiki ilikuwa juu."

Akawauliza abiria wawili waliokaa nyuma siku ile. Walisema hawakusikia kitu. Labda ni kweli. Labda nao waliogopa kusimama pale, na baadaye wakaogopa kusema waliogopa. Halafu akamgeukia Kahambu.

"Mama, uliita?"

"Niliita."

"Na nguvu?"

Aliangalia miguu yake. "Nilikuwa nawaza ni na nguvu," alisema.

Niliona usoni mwake anaanza kutojiamini, nikanyamaza. Kama kuna dakika moja ya kazi yangu ningepewa nirudie, ni ile, kabla hata ya ile ya barabarani. Barabarani nilikuwa na woga, na woga unaeleweka. Mle ndani hakukuwa na msitu.

Mkutano uliamua kwamba kosa ni la kelele. Ni mshitakiwa mzuri sana, kelele, haiwezi kujitetea. Tuliagizwa kutoa masanduku ya spika magarini, na ikawa amri kwamba abiria yeyote akisema punguza, dereva anapunguza papo hapo. Nilifungua skrubu za sanduku langu siku hiyohiyo, mbele ya watu, na walinipigia makofi. Maître alinipa mkono. "Asante, chauffeur," alisema, na kwa kweli ningependa angenitukana.

Kuanzia hapo mnaijua habari yangu. Nikawa Baba Kimya. Wagonjwa, wafiwa, masista, watu wa serikali, wote walitafuta gari langu. Chama kikanipa kazi ya kupokea malalamiko ya kelele pale parking, na niliifanya kwa bidii ya mtu anayelipa deni asilothubutu kulitaja. Hapa nina mambo ya kuwaambia ambayo ni ya kazi tu, na yana faida.

Mtu akija kulalamika, usimuulize kama ana gari lake nyumbani. Nenda ukakae kwenye kiti alichokaa, na dereva awashe redio vilevile. Mara nyingi dereva aliye mbele hajui hata kidogo nyuma kuna nini. Mmoja alikuwa akibishana nami kwa hasira, nikamkalisha nyuma kuanzia Butembo mpaka Maboya, njiani, akashuka mwenyewe akaomba msamaha, ingawa sehemu kubwa ya msamaha ule sikuisikia kwa kuwa masikio yangu nayo yalikuwa yanalia. Muuza dawa msimfukuze, mwambieni aseme bila megafoni. Minyoo ni ileile. Askari akipanda na muziki wake wa simu, muombeni mama mzee aliye karibu naye azungumze naye, msiende ninyi. Na anayelalamika kila safari, kwa maneno yaleyale, huyo ndiye wa kusikiliza kuliko wote. Maître alihamishwa kurudi kwao kabla sijapata nguvu ya kumwambia hivyo.

Gari la kimya lina jambo moja ambalo sikulitegemea: dereva anasikia yote yanayosemwa nyuma. Safari moja, tukitokea Beni, wanawake wawili wa Mulekera walikuwa wakiongea juu ya jirani yao.

"Ni yule bwana yake alimurudisha kwabo," mmoja alisema. "Mutoto alimufia mu mikono, mu gari, na yeye hapana paza sauti. Aliona haya ya batu."

"Haya ya nini, na mutoto anakufa?"

"Ni vile. Mama-mukwe wake anasema: kama angelalamika kama mama, chauffeur angesikia. Hata yeye mwenyewe ku mukutano alishindwa kusema kama aliita na nguvu."

Nilisimamisha gari, nikasema nakagua tairi. Niligonga tairi moja tu, lileile, mara nyingi. Nilikuwa nimedhani uongo wangu umeangukia kwenye kelele, ambazo hazina uchungu. Kumbe ulikuwa umemwangukia yeye. Kila mtu aliyesema Muhindo hakusikia alikuwa anasema Kahambu hakuita.

Nilikwenda kwa padri. Alinipa rozari za kitubio, na akasema niende kwa huyo mama. Rozari nilizimaliza wiki hiyohiyo. Lile lingine nililiacha, na nikaendelea kuliacha kwa miaka, nikijiambia kwamba chama kitaniondoa, kwamba gari litapewa mtu atakayerudisha sanduku, kwamba kimya changu kinawasaidia wengi. Zote zilikuwa sababu nzuri. Nilikuwa naogopa tu.

Niliporudisha ufunguo, sababu ziliisha. Nilipanda pikipiki mpaka Mulekera, mchana, nikaulizia. Nilimkuta Kahambu nyuma ya nyumba ya wazazi wake, anapalilia maharagwe. Nywele zake zimeanza kuwa nyeupe mbele. Alinitambua kabla sijajitaja.

"Ni Baba Kimya," alisema. "Karibu, tata. Kuna nini?"

Alitaka kuniletea kiti. Nilimwambia nitasema nikiwa nimesimama. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, juu ya msitu, juu ya mtu mwenye jembe, juu ya sheria ya kutosimama. Yalikimbia yote.

"Mama Kahambu, ile siku nilisikia. Niliongeza musiki sababu niliogopa. Ku mukutano nilidanganya."

Hakulia, na hakunifukuza. Aliweka jembe chini taratibu, akafuta mikono kwenye kitenge. 

"Ulisikia nini?" aliuliza.

"Sauti yako."

"Nilisema nini? Sema vile nilisema."

"Ulisema: Chauffeur, simama ku dispensaire. Mutoto anakosa pumuzi."

Aliyarudia maneno kwa midomo, bila sauti, moja moja, kama mtu anayehakikisha hakuna lililopotea.

"Weye ulikuwa kule mbele," alisema, "na mimi ku kiti ya mwisho."

"Ndiyo."

"Donc niliita na nguvu."

"Uliita na nguvu, mama. Nilikusikia mpaka kule mbele."

Nilimwomba msamaha. Alisema hilo ataliangalia, leo hawezi. Halafu aliingia ndani, akatoka amevaa kitambaa kizuri cha kichwa na viatu, akaniambia nimfuate. Familia ya mume wake wa zamani inakaa karibu, nyua tatu tu kutoka pale, na kwa miaka yote hiyo alikuwa akizunguka njia ya mbali ili asipite mlangoni pao. Safari hii tulipita katikati. Mama-mkwe alikuwa kibarazani na mabinti zake, wanachambua mchele. Aliyekuwa mume wake alitoka ndani aliposikia hatua.

Kahambu hakusalimia. Alisimama pembeni yangu.

"Huyu ni chauffeur," alisema. "Tata, sema. Na nguvu, yule mama hasikie muzuri."

Nilisema nani nilikuwa na nilifanya nini. Halafu nikasema maneno yake, yote, kwa sauti aliyoyasema nayo yeye. Majirani walitoka kuangalia. Mama-mkwe aliweka ungo chini, na Kahambu akaniomba nirudie mara moja tena.